Haleluya ya Handel: kopi mbili hazifanani, ipi tuifuate?

Kinanda_Ngamiani
Habari zenu wakuu, naomba msaada kabla ya mazoezi ya Jumamosi. Kwaya yetu hapa Tanga tunaandaa Haleluya ya Handel na tuna kopi mbili. Ya kwanza ni ile tumeitoa kopi steshenari miaka na miaka mpaka mstari wa besi umefifia, ina alama za sauti kibao, kila baada ya baa mbili (vile vipande vya nota kati ya mistari ya wima) unakuta p (sauti ndogo) au f (kwa nguvu). Ya pili kuna dada katuletea, kwenye jalada imeandikwa Urtext, yaani nota kama mtunzi alivyoandika, ndani nyeupe peee. Mfano baa ya 33, pale "ufalme wa dunia", ya zamani inataka tuimbe kwa sauti ndogo, hii mpya haisemi kitu. Mwalimu anasema haijakamilika, tuachane nayo. Mimi roho inakataa ila sina la kumjibu.

Tena_Chumbageni
Kaka hiyo nyeupe ndiyo iko karibu na Handel mwenyewe. Messiah yote, ile kazi kubwa ambayo Haleluya imo ndani yake, aliiandika kwa siku 24, kuanzia 22 Agosti mpaka 14 Septemba 1741, na mwandiko wa mkono wake upo London, British Library. Alama za sauti aliweka chache sana. Alivyofariki 1759 kila kizazi kikaongeza cha kwake, mtunzi Mozart mwaka 1789 akaweka vyombo vya klarineti na trombone, mwanamuziki Mwingereza Ebenezer Prout naye akatoa toleo lake 1902, na Prout alikuwa na sababu, kwaya zilishakuwa kubwa mno na kumbi kubwa. Sasa ukishatoa kopi ya kopi ya kopi hujui tena alama ipi ya Handel na ipi ya mtu aliyekuja miaka 150 baadaye, na sisi tunaimba zote kama Maandiko.

Alto_Bagamoyo
Naongezea. Usiangalie nota tu, soma na kurasa za mwanzo na za mwisho. Mhariri wa toleo kama hilo anakaa na mwandiko wa Handel, na nakala za karani wake aliyekuwa akimnakilia nota, na karatasi za wapigaji ambazo Handel aliusia ziende Foundling Hospital, kile kituo cha watoto waliotelekezwa kule London (sehemu za oboe zimo humo, kwenye mwandiko wa 1741 hazipo), halafu anaeleza palipotofautiana kafuata ipi. Anachoongeza mwenyewe anakichapa kidogo au kwenye mabano, kwa hiyo unakiona.

Faida yake niliiona kwenye ule wimbo mwingine wa Messiah, "ni nani atakayestahimili siku ya kuja kwake". Mzee wetu wa besi alikuwa anapata tabu pale kwenye maneno ya moto nota zinapoanza kukimbia, tukidhani ni umri. Kumbe hiyo ya kukimbia Handel aliiandika 1750 kwa Guadagni, mwimbaji wa sauti ya alto! Ya besi ya 1741 ni nyingine kabisa, na matoleo mapya yanakuwekea zote mbili. Tulimpa yake, akaimba mpaka watu wakanyamaza.

Solfa_Muheza
Shikamooni. Mimi namtetea mwalimu kidogo. Wanakwaya wengi wanasoma do re mi, hizo nota za mistari hawazijui, na ukimpa karatasi isiyo na alama ataimba kwa nguvu mwanzo mpaka mwisho baa zote 94. Lazima mtu aamue.

Tena_Chumbageni
Marahaba Solfa, ni kweli, lazima aamue. Ila aamue mwalimu wao kwa penseli, kulingana na kanisa lao na sauti walizonazo. Na Kinanda, angalizo, muziki wa Handel ni huru lakini toleo jipya lina haki za wahariri, msilipeleke steshenari, nunueni nakala hata tano mgawane. La Prout ni huru, yeye alifariki 1909.

Kinanda_Ngamiani
Asanteni sana. Jana usiku nimezilaza zote mbili juu ya kinanda nikapita baa kwa baa, baa ya 51 pale "Mfalme wa wafalme" soprano wanashikilia nota ndefu na tarumbeta ziko nao, wengine wanajibu chini yao, sauti inakua yenyewe bila alama yoyote. Jumamosi namwonyesha mwalimu hapo hapo, na penseli nimeshanunua.