Zahanati za visiwani: dawa zinapotea kwenye hesabu kabla hazijapanda boti

Wakuu, salaam.

Inatosha sasa. Kila kikao cha afya ya msingi kinafunguliwa kwa kuhesabu majengo. MMAM (Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi) ilipoanza 2007 lengo lilikuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Sawa, tumejenga. Sasa nenda visiwa vya Ziwa Victoria katikati ya mzunguko wa oda, ukaulize amoksilini ya mtoto. Mama aliyebeba mtoto wa miaka 2, ambaye kwa sera ya nchi hii anatakiwa kutibiwa bure kwa kuwa hajafika miaka 5, anaandikiwa karatasi akanunue duka la dawa. Huo msamaha una faida gani kwake?

Watu wataruka kusema "bajeti". Bajeti ni ndogo, sibishi. Lakini kuna tatizo ambalo halidai hata shilingi moja kulitibu, na kila mfamasia wa wilaya analijua. Ni namna oda inavyojazwa.

Kila mzunguko wa oda zahanati inajaza fomu ya taarifa na maombi ya dawa, yaani R&R: salio la mwanzo, kilichopokelewa, upotevu na marekebisho, salio la mwisho, na siku ambazo dawa haikuwepo. Fomu inapita wilayani, inaingia eLMIS (mfumo wa kompyuta wa oda za dawa), inakwenda Bohari ya Dawa kanda ya Mwanza. Kiasi kinachoombwa kinajengwa juu ya matumizi ya mzunguko uliopita. Sasa chukueni kalamu, tuseme mzunguko ni wa siku 90. Zahanati imepokea vidonge 900 vya amoksilini ya watoto, vile vya kuyeyusha vya miligramu 250. Siku ya 45 vimekwisha. Siku 45 zilizobaki stoo ni tupu. Kwa siku wanatumia vidonge 20, kwa hiyo mahitaji halisi ya siku 90 ni 1,800. Lakini ile safu ya siku za kukosa dawa imeachwa wazi, na mfumo unasoma kwamba dawa ilikuwepo mzunguko mzima. Matumizi yanaonekana 900. Mzunguko unaofuata wanaletewa 900 ileile. Ikitokea Bohari ina 600 tu, dawa inaisha siku ya 30, na fomu inayofuata inasema mahitaji ni 600. Namba inashuka, wagonjwa ni walewale! Halafu kule juu mtu anasoma taarifa anaona kituo "kinatumia dawa kidogo".

Kwa nini safu inaachwa wazi? Kwa sababu tarehe ya stoo kufika sifuri inatoka kwenye leja, na leja haijazwi siku kwa siku. Ikama (idadi ya watumishi wanaotakiwa) ya 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Zipo zinazoendeshwa na watu wawili au watatu. Muuguzi huyohuyo anazalisha, anachanja, anatoa dawa, anajaza rejista za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) za wagonjwa wa nje, wajawazito, watoto na leba, kisha usiku ndiyo akumbuke leja. Msimlaumu huyo. Lawama ni kwa wanaopokea fomu wilayani. Salio la mwisho ni sifuri, siku za kukosa dawa ni sifuri, na bado wanabonyeza kukubali. Hizo namba mbili zikikaa pamoja zinatakiwa kuamsha swali. Sifuri na sifuri maana yake dawa iliisha siku ileile ya kufunga hesabu, jambo ambalo ni nadra mno kwa kituo kimoja, sembuse kwa vituo kumi kwa wakati mmoja. Irudisheni fomu! Simu moja kwa mganga mfawidhi inatosha kupata tarehe.

Pili, watu wa mialoni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, hawahesabiki. Fedha za Mfuko wa Afya wa Pamoja, ambazo tangu mwaka wa fedha 2017/18 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, zinagawanywa kwa kanuni inayotazama idadi ya watu. Kambi ya dagaa haikai mahali pamoja kama kijiji. Samaki wakihama, watu wanahama, na zahanati ya karibu inapokea mamia ya wagonjwa ambao sensa ya 2022 iliwahesabu kwingine. Hao wanamaliza dawa za mzunguko mzima kabla ya wakati. Mganga mfawidhi akiomba nyongeza anaambiwa kituo chake ni kidogo.

Kichocho ndiyo aibu kubwa zaidi. Kampeni ya prazikwanteli inakwenda shuleni kwa sababu dawa za msaada zimeelekezwa kwa watoto wa shule. Mvuvi anayesimama majini kila siku, na mama anayefua na kuchota maji ziwani, hawamo. Dozi ni miligramu 40 kwa kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 anahitaji vidonge 4 vya miligramu 600, anameza kwa pamoja baada ya kula. Kambi ya watu wazima 200 ni kama vidonge 800. Mwongozo wa WHO wa 2022 umeshasema tiba ya jumla ianzie miaka 2 na iwafikie watu wazima kwenye maeneo yenye maambukizi mengi. Kando ya ziwa hili ndiko kwenyewe. Ukimtibu mtoto na kumwacha baba yake, vimelea vinarudi majini kwa kinyesi cha baba na mtoto anaambukizwa upya.

Na huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata wagonjwa walipo, inapangwa na nani? Timu inafika kambini katika siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, wakati dagaa wanavuliwa kwa taa, wanaume wamekesha ziwani na mchana wamelala. Mbalamwezi ikiwa kamili uvuvi wa dagaa unasimama na watu wako nchi kavu. Pangeni mkoba siku hizo. Mwenyekiti yeyote wa mwalo atawapa tarehe.

Kuna jambo jingine nalitaja haraka: oksitosini, sindano ya kuzuia mama kuvuja damu akijifungua. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Friji ya chanjo ipo, inafanya kazi, na bado wapo wanaokataza isiwekwe humo eti ni ya chanjo tu. WHO, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja 2019 kwamba inaweza kukaa humo, ikiwa imetengwa na kuandikwa vizuri. Sindano iliyokaa kabatini kwenye joto la kisiwani inapungua nguvu, na mama anavuja damu.

Visiwani kinahitajika pia kiasi cha ziada cha angalau mwezi mmoja. Mtu wa kisiwa cha Ukara anavuka kwa kivuko hadi Bugorora, kisiwani Ukerewe, ndipo ashike barabara ya Nansio. Ziwa likichafuka hakuna kinachovuka. Bohari ikikosa dawa, kituo kinasubiri uthibitisho wa Bohari kwamba haina, kisha oda ipitie wilayani kwenda kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa. Kote huko ni siku za stoo tupu, ambazo hakuna atakayeziandika.

Wajumbe wa kamati za vituo vya afya mliomo humu: maboksi yanapofunguliwa mnatakiwa kuwepo na kusaini. Msisaini kabla ya kuona leja. Tafuteni tarehe ambayo salio lilifika sifuri, hesabuni hadi siku ya mzigo kufika, na hakikisheni namba hiyo imo kwenye R&R kabla haijaondoka kisiwani.