MREJESHO: Kiuno changu na mifuko ya saruji

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Lamu na kwingineko. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini kiuno kinanibana kila tukishusha saruji jahazini na kupakia punda, ilhali mgongo nauweka wima. Ahsanteni mlionijibu, hasa dada aliyenieleza habari ya wenzo, yaani jinsi mzigo ulio mbali na mwili unavyozidisha nguvu inayotakiwa kuushika.

Jibu lake ndilo lililonifumbua macho. Misuli inayonyoosha mgongo iko kama sentimita 5 tu nyuma ya diski za pingili za kiuno, vile vipande laini vilivyo kati ya mifupa ya uti wa mgongo. Mfuko wa kilo 50 ukiwa sentimita 40 mbele ya diski, mbali mara nane kuliko misuli, misuli hiyo lazima ivute mara nane ya uzito wake, kama kilo 400, na hapo uzito wa kiwiliwili haujahesabiwa. Ukiusogeza hadi sentimita 25, zinabaki 250. Na mfuko ni uleule!

Nikamwomba mdogo wangu anitazame pale gatini. Akasema, "Kaka, mfuko waukumbatia ukishafika juu. Chini wauvuta kwa ncha za vidole, mikono imenyooka." Kweli kabisa. Sasa nauburuta kwanza hadi katikati ya miguu, naukumbatia, ndipo nanyanyuka kwa nyonga na magoti. Nikimgeukia punda nahamisha nyayo, kiuno sikizungushi.

Daktari alinikagua, miguu haina ganzi wala udhaifu. Wiki ya tatu hii nainama kutawadha alfajiri bila kushika ukuta, alhamdulillahi.