Samaki simba amekataa kamba waliogandishwa

Swali: Wenzangu, nafuga samaki simba wa sentimita 12 katika tangi la lita 200 hapa Mombasa. Kwa siku nane amekataa kamba waliogandishwa, na anakubali tu visamaki hai vya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Je, niendelee kumpa hivyo?

Jibu la kwanza: Ndugu, usiendelee, kwa sababu mafuta ya visamaki hivyo hayamfai samaki wa baharini, na vikiwa chakula cha kila siku humharibu ini. Shika kipande cha ngisi kwa koleo refu, ukitikise polepole mbele ya mdomo wake wakati taa zimefifishwa, maana kwa asili huwinda jua likizama. Wangu alikikodolea macho siku tatu kabla ya kukimeza. Akishazoea, mlishe mara mbili au tatu tu kwa wiki.

Jibu la pili: Tangi hilo nalo litakuwa dogo, kwani samaki huyu huweza kufikia sentimita 35. Tena miiba yake ina sumu: akikuchoma, tumbukiza mkono katika maji ya moto unayoyastahimili, yasiyozidi nyuzi 45, kisha nenda hospitali.

Mwenye swali: Ahsanteni sana. Koleo ninalo, naanza leo magharibi.