Manunuzi tunaandika nini kwenye mpango wa dharura wa hospitali? Niko Kigoma

BintiGungu

Habari za jioni wakuu. Mimi ni afisa manunuzi kwenye hospitali binafsi hapa Kigoma mjini, vitanda havifiki hamsini. Uongozi umeamua tuwe na mpango wa dharura ulioandikwa: mafuriko, kipindupindu, moto, umeme kukatika muda mrefu. Kamati imeundwa, yumo daktari mkuu, matroni, mhasibu na mkuu wa walinzi. Manunuzi hatumo. Jana matroni kanipitia ofisini: "Na wewe tuandikie ukurasa mmoja wa manunuzi, Ijumaa tunafunga kazi."

Nilichonacho ni orodha ya wazabuni na simu zao, watatu kwa kila kitu muhimu kama utaratibu wetu unavyotaka. Lakini kama ni hiyo tu, si angeichapisha tu kutoka kwenye kompyuta yangu? Nimetafuta mtandaoni, nakuta maelezo ya makampuni yenye maghala nchi tano. Stoo yetu sisi ni chumba kimoja nyuma ya maabara. Pesa ya akiba hakuna, mhasibu hununa hata nikiomba rimu ya karatasi.

Waliowahi kukutwa na dharura yenyewe wakiwa manunuzi au stoo, hasa huku kwetu na Tabora: kazi yetu hasa ni ipi?

Fundi_Katubuka

Andika "tutanunua haraka". Ukurasa umejaa.

StooKuukuu

Usimsikilize huyo, ingawa nimeshaona mipango iliyoandikwa hivyohivyo kwa maneno marefu zaidi.

Binti, mimi nimestaafu. Maisha yangu ya kazi yameishia kwenye stoo na manunuzi, ya mwisho nikiwa na mashirika yanayohudumia wakimbizi. Nianze na hao wazabuni wako watatu. Chukua kitu kimoja, tuseme dripu za Ringer. Wapigie wote, waulize: mzigo wako unaununua wapi, na unafika Kigoma kwa njia gani? Sitashangaa wawili wakikutajia duka lilelile la jumla Dar, na wa tatu awe anachukua kwa mmoja wa hao wawili. Kwenye faili unao watatu. Njia ikikatika huna hata mmoja.

Mvua za mwisho wa 2009 kuingia 2010 zilisomba reli ya kati kule kati ya Kilosa na Gulwe, treni kutoka Dar zikasimama kwa miezi. Sasa angalia, Kilosa iko Morogoro. Hapa kwetu jua linawaka, ziwa limetulia, hakuna aliyelowa hata kiatu, na bado vitu vilivyokuwa vikitegemea behewa vikaanza kutafutwa kwa tochi. Kamati yenu inawaza mafuriko ya Kigoma. Wewe ndiye peke yako pale ofisini mwenye sababu ya kuwaza mafuriko ya Kilosa, na hiyo ndiyo sehemu yako kwenye huo mpango.

Leo mna nafuu, kuna barabara ya Uvinza–Kaliua–Tabora inayovuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete, na kuna ile ya Kasulu–Kibondo–Nyakanazi. Basi kwa kila kitu ambacho bila hicho mgonjwa anakufa, andika kinapita wapi, kinachukua siku ngapi kwa kawaida, na kitachukua siku ngapi njia hiyo ikifungwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuambia cha kuweka stoo. Ndoo na sabuni ziko Soko la Mwanga, usijaze chumba chako kwa ajili yake.

Halafu fuata mnyororo mpaka mwisho, usiishie kwenye kitu chenyewe. Oksijeni kwa mfano. Mtungi mkubwa, ule wenye kama lita 6,800 za gesi, mgonjwa mmoja wa lita 5 kwa dakika anaumaliza kwa saa 22 na ushee. Wawili, nusu siku. Mtasema tuna mashine ya kutengeneza oksijeni hapohapo. Vizuri, inataka umeme. Umeme umekatika, mna jenereta. Jenereta la KVA 60 likibeba robo tatu ya mzigo wake linakunywa lita kumi hadi kumi na mbili kwa saa, kwa hiyo pipa la lita 200 haliimalizi siku. Na dizeli mnanunua wapi? Kituo kimoja, kwa mkopo, siku za kazi tu? Unaona oksijeni imegeuka kuwa swali la kituo cha mafuta. Na ukumbuke EWURA, ile mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Fununu zikiwa bei inapanda, Jumatatu na Jumanne yake usiende na pipa tupu ukitegemea huruma.

Sasa 2015. Mwezi wa tano Warundi walimiminika Kagunga, kijiji cha ufukweni kabisa mpakani, nyuma yake milima, mahali pa kufika kwa maji. Kipindupindu kikalipuka. MV Liemba ikawa inawabeba watu kuwaleta mjini, wanapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kila shirika likataka boti, klorini, ndoo na chumvi za kuongeza maji mwilini, siku ileile, sokoni palepale. Bei ya boti pale mwaloni Kibirizi asubuhi haikuwa bei ya mchana. Waliopata kwa bei ya kawaida walikuwa wameshaandikiana na wenye boti kabla, bei imetajwa kwenye karatasi, hakuna senti iliyolipwa mapema. Na walikuwa wanalipa ankara zao kwa wakati miezi yote ya amani. Hilo mwambie mhasibu wako kwa upole: mzabuni anayewadai tangu mwezi wa pili, usiku wa dharura simu yake itakuwa imeisha chaji.

Kwa hiyo mikataba ya bei ndiyo akiba ya asiye na pesa. Inagharimu wino.

Ugavi_Isevya

Shikamoo mzee. Niko Tabora, hospitali pia. La njia nakubali, sisi tuliligundua kwa vitendanishi, zile kemikali za kupimia maabara.

Ila hapo kwenye kuweka stoo dada awe makini. Akiba ya dharura ikiitwa "akiba ya dharura" inafungiwa kabati lake, hakuna anayeigusa, na siku inahitajika utakuta nusu imepita muda. Kwetu hatuna kabati la namna hiyo. Tunapandisha kiwango cha chini. Kama kawaida tuliagiza zikibaki katoni nne za dripu, sasa tunaagiza zikibaki nane. Zinazokaribia kuisha muda zinatoka kwanza, wodini zinatumika kila siku. Mhasibu anaumia mara moja tu, siku ya kupandisha.

Pia ongea na hospitali jirani mkopeshane kwa maandishi. Leo kwako, kesho kwangu.

StooKuukuu

Marahaba. La kiwango cha chini ni zuri kuliko langu, dada alichukue.

La kukopeshana lina kasoro. Linafaa mashine yako ikiharibika, au gari lako likianguka. Kipindupindu kikiingia mjini, jirani naye anahesabu chupa zake. Andikianeni, lakini usilihesabu kwenye safu ya ugonjwa wa mlipuko.

Na klorini mnayo? Ile ya unga ya asilimia 65 hadi 70 hupoteza nguvu kwenye joto, na chumba cha nyuma ya maabara nakijua kinavyochemka mwezi wa tisa. Usiiweke kabisa chumba kimoja na dizeli au mafuta yoyote. Zikikutana zinaweza kuwaka zenyewe, halafu mpango wa dharura ndio unasababisha dharura.

Mtumishi_Halmashauri

Niongeze kwa wa serikalini watakaosoma. Sisi tuko chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, na zabuni zinapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Ununuzi wa dharura umo kwenye sheria, ila kusahau kuagiza hakuitwi dharura, na mkaguzi anaijua tofauti. Vitu vingi vya kawaida tayari vina mikataba ya bei ya GPSA, wakala wa serikali wa huduma za ununuzi. Nashangaa wenzangu wanavyoikumbuka siku maji yameshaingia ofisini. Hospitali binafsi hambanwi na haya, lakini hata ninyi mwekeeni mkaguzi kumbukumbu.

BintiGungu

Shikamoo mzee StooKuukuu, na asanteni wote.

Nimepiga simu leo. Glovu na dripu, wazabuni wangu wawili wanachukua duka moja Kariakoo, wa tatu hakutaka kusema lakini basi la mizigo alilotaja ni lilelile. Dizeli ni kituo kimoja kweli, na mkopo wetu una kikomo ambacho hakifikishi mapipa mawili. Matroni nimemwonyesha hesabu ya oksijeni, akakaa chini.

Nililokwama ni malipo. Hundi zetu zinataka sahihi mbili na mwenye sahihi ya pili anaishi Dar. Kwa siku za kawaida tunasubiri. Usiku wa Jumamosi nafanyaje?

Ugavi_Isevya

Kwetu kuna kiwango cha pesa ambacho daktari wa zamu na mtu wa manunuzi wanaweza kuidhinisha pamoja kwa simu, kinalipwa kwa namba ya simu ya hospitali, si ya mtu. Fomu ya ukurasa mmoja inajazwa ndani ya siku mbili na risiti ya EFD inabanwa nyuma. Kiwango mwambieni mkurugenzi akitaje sasa hivi akiwa ametulia. Na muandike kwa cheo ni nani anayetamka kwamba dharura imeanza, maana bila hilo kila mtu anasubiri mwenzake aseme.

StooKuukuu

Hapo amemaliza. Mimi nina swali dogo tu kabla hujaandika. Ufunguo wa stoo usiku anao nani?

BintiGungu

Ninao mimi mzee. Na nakaa Ujiji.

StooKuukuu

Basi mkuu wa walinzi awe na wa pili, ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya gundi, na daftari la kuandika nani kaifungua, saa ngapi na katoa nini. Asubuhi unahesabu, unabadilisha bahasha. Atakataa mwanzoni, walinzi hawapendi kubebeshwa stoo. Mweleze mbele ya daktari mkuu.