Cheni kupiga kelele na mafuta kuchelewa kushika

Swali: Wakuu, pikipiki yangu ya cc 125, ninayopita nayo barabara ya Tanga–Pangani, cheni inapiga kelele, na mkono wa mafuta huzunguka bure kwanza ndipo injini iitikie. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu, hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu upesi. Isugue cheni kwa brashi na mafuta ya taa, uikaushe, kisha, injini ikiwa imezimwa, zungusha gurudumu kwa mkono huku ukidondoshea oili ya gia upande wa ndani wa cheni. Grisi nzito (mafundi wengi huipenda) hunasa mchanga.

Jibu: Kuhusu mkono wa mafuta, legeza nati ya waya unaovutwa na mkono huo, rekebisha mpaka mkono ucheze takriban milimita 2 hadi 6, ukaze. Geuza usukani pande zote injini ikiwaka. Mngurumo ukipanda, waya umebana.