Barua yetu ya kalavati imefanywa sahani ya sambusa!!!

Kobe wa Bondeni
Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi, naandika juu ya pikipiki natetemeka, msinisahihishe herufi.

Leo lilikuwa baraza la madiwani, lile la bajeti. Mheshimiwa naye kashuka kutoka Dodoma, maana mbunge naye ni mjumbe wa baraza, na tukaambiwa safari hii anakuja kusikiliza vipaumbele vya kila kata akavisemee bungeni. Simtaji. Mnamjua. Yule wa miwani ya jua ndani ya ukumbi wenye taa mbili, na moja imeungua.

Mtaa wetu tulienda watatu. Mtazamaji haruhusiwi kufungua mdomo, kwa hiyo diwani wetu ndiye aliyempelekea barua mezani. Barua ya kalavati lililosombwa na masika, ambapo watoto wanavushwa mgongoni na mjamzito anabebwa kama kabati. Ina saini za mtaa mzima, ina muhuri, picha tumesafisha kwa kuchangishana. Akaipokea, akasema "ahsante sana mheshimiwa diwani", akaikunja mara mbili, AKAIWEKEA SAMBUSA.

Sambusa, wakuu. Juu ya barua.

Nayaona mafuta yanatambaa polepole kutoka kona, yanakula jina la mtaa, mpaka yakaufikia muhuri. Wino wa bluu ukaanza kuchuja kama shuka la gesti. Mwenyekiti wetu akashika kifua. Ule muhuri analala nao chini ya mto!

Huku mhandisi anasoma: barabara ziko TARURA, ule wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, halmashauri haina fungu, mheshimiwa akaibane TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Mheshimiwa anatafuna. Diwani anauliza, na mfuko wa jimbo je, kamati yake si wewe ndiye mwenyekiti? Anatafuna. Alipomaliza akapangusa vidole. Kwa nini? Kwa ukurasa wa saini! Jina la bibi yangu limepangusiwa pilipili!

Ile shilingi 100 ya kila lita ya petroli waliyoongeza 2021 eti ya barabara za TARURA, mimi bodaboda nimeshanunua greda zima peke yangu. Halafu sambusa. Angeweka hata kwenye ratiba ya kikao, ilikuwa palepale!

Tumbili Mstaafu
Ya nyama au ya viazi?

Kobe wa Bondeni
Mkuu nina hasira, usinitanie. Ya nyama.

Tumbili Mstaafu
Basi kawaheshimu. Baraza la kwetu wanagawa karanga, tena za kuhesabu.

Mama Kisamvu
Mwanangu, mngeitia kwenye bahasha ya kaki. Karatasi tupu mezani saa ya chai ulitegemea nini? Hata mimi ningewekea kitu.

Diwani Aliyepumzishwa
Mnamwonea bure. Kila kata inaleta kalavati, na mfuko wa jimbo ukiugawa kwa kata zote unaambulia mabati ya choo kimoja cha shule. Ombi linaanzia mkutano wa mtaa, linakwenda kamati ya maendeleo ya kata, linakuja kamati ya fedha, ndipo baraza. Barua ya mkononi ni ya kuombea mchango wa harusi.

Kobe wa Bondeni
Ilipita huko kote mzee! Miaka mitatu! Imepita kote ikafia kwenye sambusa!

Fundi Nyaya
Nyie afadhali mna barua. Mimi nakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU ya umeme tangu 2021 na nyumba ni ya kupanga. Mwenye nyumba yuko Mwanza anakula sato. Mimi nani ananisemea Dodoma?

Mama Kisamvu
Fundi umenigusa. Nina mita mbili, nakatwa mara mbili, nyumba moja, na bafu lenyewe liko nje.

Fundi Nyaya
Na bafu wakilijua watalitoza.

Mtu wa Rongai
Majirani, mnalilia samosa moja? Huku Kenya magavana na wabunge wamepelekana kortini kwa sababu ya bilioni 10.5 za barabara, na shimo la mbele ya ploti yangu bado liko. Mwaka ujao nalipeleka PP1, chekechea.

Tumbili Mstaafu
Sa-nini?

Mtu wa Rongai
Samosa.

Tumbili Mstaafu
Ndiyo maana mmefikishana mahakamani. Sambusa.

Fundi Nyaya
Halafu ya kwao ukiuma unakutana na hewa na kiazi kimoja kimejificha.

Mtu wa Rongai
Njoo Eastleigh uone nyama, wacha wivu.

Diwani Aliyepumzishwa
Sambusa ya kweli nilikula Tanga, kikao cha 2016. Tulipewa tatu tatu.

Kobe wa Bondeni
Wakuu tafadhali, turudi kwenye barua.

Tumbili Mstaafu
Barua gani?

Mama Kisamvu
Mimi kitu kimoja bado kinanisumbua. Sambusa haiwezi kulowesha muhuri hivyo kama mafuta yalipata moto. Hiyo imetumbukizwa kwenye mafuta baridi. Mpishi wa hicho kikao ndiye wa kufukuzwa kwanza.

Fundi Nyaya
Naunga mkono hoja. Apatikane mpishi.

Kobe wa Bondeni
Mpishi ni mama mkwe wangu. Mods, fungeni uzi.