Neno "dord" kwenye kamusi ya zamani: asili yake nini?

Kijana_wa_Pangani: Wakuu salaam. Marehemu mjomba katuachia kamusi ya Kiingereza ya Webster, toleo la pili la 1934, libuku la kubeba kwa mikono miwili. Napekua herufi D nakuta "dord", maana yake densiti, ile ya fizikia na kemia. Kamusi ya kwenye simu hailijui. Fizikia nimesoma mpaka kidato cha sita, sijawahi kulisikia. Ni Kilatini?

BabuPrufu: Mwanangu, si Kilatini wala Kigiriki. Neno hilo halikuwahi kuwapo. Nimesahihisha prufu, kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, miaka mingi, na kisa hiki hakinichoshi.

Julai 31, 1931, mhariri wa kemia, Austin Patterson, alipeleka kikaratasi kimeandikwa "D or d", na mbele yake "density". Alimaanisha kwamba D kubwa au d ndogo ni kifupisho cha densiti, basi. Kikaratasi kikaingia kwenye rundo la maneno badala ya rundo la vifupisho. Siku hizo maneno ya kamusi yalipigwa taipu kwa kuachanisha herufi, kwa hiyo aliyefuata akasoma D-o-r-d, neno moja. Mwingine akalipa na matamshi! Hapo ndipo ninapocheka kila mara: huyo alilitamka kwa sauti kabisa, na hakushtuka.

Februari 28, 1939, mhariri mmoja akaona neno halina asili. Swali lako hilo hilo. Kufuatilia, mambo hadharani.

Sasa raha ya wapiga chapa: ukurasa ulikuwa bamba la metali, ukitoa mstari linabaki pengo. Wakarefusha maelezo ya jirani yake, "Doré furnace", tanuri la kusafishia madini. "Tanuri la kusafisha" likawa "tanuri ambalo ndani yake husafishwa". Pengo likazibwa.

Nyanda77: Kumbe hata Wazungu wanachapia 😂 Wengine huweka neno la uongo makusudi. New Oxford American ya 2001 ina "esquivalience", kukwepa majukumu ya kazi. Walilitunga kuwanasa wanaonakili kamusi yao.

Kijana_wa_Pangani: Shikamoo Babu, nimekusoma. Basi hili buku lina thamani, au nalo la kufungia maandazi?

BabuPrufu: Marahaba. Usiliuze. Ila angalia "Doré furnace" hapo chini yake, uniambie imeandikwaje.